Shangazi, walipakua 38, wamebaki wanne

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu, na pia ni mshauri rika. Kwa asiyejua, mshauri rika ni mwanafunzi aliyepewa mafunzo ya siku chache ili wenzake wakizidiwa wawe na pa kuanzia kabla ya kufika kwa mshauri nasaha wa chuo. Mshauri nasaha wetu ni mmoja tu, na ukijiandikisha leo unaonwa baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana mwanzoni mwa muhula huu ofisi ilituletea programu ya simu ya afya ya akili. Ina mazoezi ya kupumua, ina shajara, ina vikatuni vya nyuso vya kuonyesha leo umeamkaje, na masomo mafupi ya namna ya kujibizana na mawazo yanayozunguka kichwani.

Kila mshauri rika alipewa kundi lake. Mimi nilipata watu 38, wengi wao mwaka wa kwanza. Siku ya uzinduzi wote 38 waliipakua mbele ya macho yangu. Nilitoka pale nimejaa, nikajiona nimeokoa watu.

Wiki ya pili kundi letu la WhatsApp likapoa. Wiki ya tano ofisi ikanitumia ripoti yenye majina: wanaofungua bado ni wanne. Nikaitwa. Mratibu akaniuliza nawahamasisha vipi, nikamwambia kila asubuhi nawatumia ujumbe. Na ni kweli natuma: "Habari za asubuhi mashujaa! Usisahau kufungua programu leo. Afya ya akili ni mtaji." Juzi mmoja alinijibu kwa stika ya mtu anakoroma.

Basi nikaanza kuwauliza mmoja mmoja. Wa kwanza akasema vitu ni vingi mno mle ndani, hajui ashike kipi. Wa pili akasema akiwa mzima anaikumbuka, ila siku akizidiwa hakumbuki hata kama ipo. Wa tatu ndiye aliyeniuma. Kuna ua linalokua kila siku unapofungua, na yeye alikuwa amefikisha siku 19 bila kukosa. Akaugua siku tatu. Kurudi akakuta ua limenyauka, limeinamisha kichwa. Akaifuta programu palepale. Akaniambia, "Hata ua la kwenye simu limenishinda." Wa nne anaamini ofisi inasoma anachoandika kwenye shajara. Nikamwambia aache woga.

Na kati ya hao wanne waliobaki yupo mmoja sijui nimweke fungu gani. Anaifungua kila usiku, saa nane, saa tisa. Anasema anaipenda kwa sababu haimwambii mtu. Kwenye ripoti ndiye anayeongoza.

Sasa la mwisho, na hili nakuungamia. Mimi mwenyewe niliacha tangu wiki ya tatu. Kila asubuhi nawaambia watu wafungue kitu ambacho mimi sikifungui. Mratibu anataka ifikapo mwisho wa muhula nusu ya kundi iwe imerudi. Nifanyeje, Shangazi?

Mshauri aliyeishiwa ushauri

---

Marahaba mwanangu,

Naanza na ambalo hukuuliza: huyo wa saa tisa usiku.

Kwenye ripoti ya ofisi yenu yeye ndiye mwanafunzi bora. Hajakosa hata siku, na ua lake nadhani limeshafika darini. Lakini mtu asiyelala, anayeandika gizani mahali anapoamini hakuna atakayesoma, huyo simpigii makofi. Mtafute leo, mkae pembeni wawili tu. Usianze na habari za programu. Mwambie umegundua halali, kisha muulize anaendeleaje, halafu unyamaze umsikilize. Akikuambia amechoka, au ukihisi tu kwamba amekata tamaa, muulize neno lenyewe bila kulizungushia: "Umewahi kufikiria kujiua?" Najua ulimi utakuwa mzito. Watu huogopa kwamba ukilitaja umempandikizia wazo. Watafiti wameshalichunguza hilo, na hawakukuta kwamba kuuliza kunaleta wazo ambalo halikuwepo. Aliyelibeba peke yake mara nyingi huona afadhali mtu amelisema.

Akijibu ndiyo, usimwache peke yake na usimwahidi kutunza siri. Nenda naye, miguu yako na yake, mpaka kwa mshauri nasaha au idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Ile foleni ya wiki kadhaa haimhusu mtu wa namna hiyo, na mratibu akikuambia inamhusu, usikubali. Akijibu hapana, bado ana tatizo la usingizi ambalo ni la daktari, si la vikatuni vya nyuso. Mwombe akubali msindikizane. Usimwambie aache programu, maana ndiyo rafiki aliyenaye kwa sasa. Wewe mwongezee mwingine mwenye masikio.

Haya. Tuje kwa wale 34.

Mwaka 2019 Amit Baumel na wenzake walichapisha takwimu za programu 93 za afya ya akili. Hawakuwauliza watu wanatumia mara ngapi, maana kwenye hilo wote tunajipamba. Walitazama matumizi yenyewe yaliyorekodiwa kwenye simu. Wakizipanga programu hizo kwa mstari na kuchukua ya katikati, siku ya 15 waliokuwa bado wanafungua ni asilimia 3.9 ya walioiweka kwenye simu. Siku ya 30 walikuwa asilimia 3.3. Wewe uko wiki ya tano na una wanne kati ya 38, yaani zaidi ya asilimia 10. Hata tukimtoa huyo wa usiku, watatu ni karibu asilimia 8. Mpelekee mratibu hesabu hiyo kabla hajakuita tena. Nusu ya kundi anayoitaka ni ndoto ya mtu ambaye hajawahi kuangalia simu yake mwenyewe imebeba programu ngapi zilizokufa.

Na si jambo la jana. Tangu 2005 Gunther Eysenbach alikwishaandika kwamba katika tiba zinazopitia intaneti watu kuondoka ndiyo kanuni, na akawataka watafiti wenzake wachunguze huko kuondoka badala ya kuona aibu. Kwa hiyo acha kujilaumu kwa idadi.

Ila sikusifu moja kwa moja. Ule ujumbe wako wa asubuhi, mwanangu, uache. Hebu usome kama unavyosomwa upande wa pili. Aliye mzima anauona kama tangazo. Aliyezidiwa anauona kama kazi nyingine aliyoshindwa kuifanya, na siku haijaanza. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, hula vitu vitatu: nguvu, kumbukumbu na matumaini. Programu nayo, ili uifungue, inadai hivyo hivyo vitatu. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajitume ni kama kumwambia aliyevunjika mguu akimbilie magongo yake yalipo. Na hakuna shujaa anayependa kuitwa shujaa kila siku saa moja asubuhi na mtu anayetaka kitu kwake.

Jambo lingine, si wote 38 waliohitaji programu hiyo tangu awali. Kuna utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2018, ukiongozwa na Randy Auerbach: karibu wanafunzi 14,000 wa mwaka wa kwanza, vyuo 19, nchi 8. Asilimia 35 walikuwa na historia ya angalau tatizo moja la akili kati ya yale yaliyopimwa, kama sonona, wasiwasi uliopitiliza au ulevi. Tuuazime uwiano huo, si kama kipimo cha kundi lako bali kama fimbo ya kutembelea: kati ya watu 38, ni kama 13. Waliobaki 25 walipakua kwa sababu ulisimama mbele yao unatabasamu. Hao waache waende kwa amani. Kazi yako ni wale 13, na hujui ni akina nani, na hapo ndipo barua yako inapoanza kunoga.

Tumchukue yule wa ua. Nimelifikiria sana hilo ua. Aliyelibuni naamini alikuwa na nia njema, alitaka watu wafurahi kuona kitu kinakua. Lakini hakumfikiria mtumiaji anayeugua. Mtu mgonjwa humwonyeshi kwamba kwa kuugua kwake ameua kitu. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake huko London walifuatilia watu 96, kila mmoja akijaribu kujenga tabia moja ndogo ya kila siku. Kwa makadirio yao, kuna ambao tabia ingeshika ndani ya siku 18 na kuna ambao ingewachukua siku 254. Ya katikati ilikuwa 66. Na walikuta kwamba kukosa nafasi moja hakuharibu ujenzi. Tabia iliendelea kushika kama kawaida. Siku zake 19 bado anazo mwilini. Pumzi alizojifunza kuvuta hazikunyauka.

Mtafute umwambie hivyo. Si lazima airudishe programu. Ila akitaka, mfungue mpangilio pamoja naye mtazame kama kuhesabu siku kunaweza kuzimwa. Programu nyingine huficha kitufe hicho mbali, nyuma ya vingine. Kama hakizimiki, basi kila atakayeanza upya aambiwe mapema: kuna ua, litakufa, usilie. Mimi mwenyewe miaka iliyopita, nilipofiwa, nilipakua programu ya kutafakari. Nilidumu siku sita. Siku ya tisa ikaniandikia kwamba imenikumbuka. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirikia binadamu, maana kulikuwa na watu waliopaswa kunikumbuka na hawakuandika.

Aliyesema vitu ni vingi na aliyesema akizidiwa haikumbuki, dawa yao ni moja. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, amefanya kazi miaka mingi juu ya mipango ya aina hii: ikitokea hivi, nitafanya vile. Ukisema tu "nitaitumia programu zaidi," kichwa hakina pa kuning'iniza ahadi hiyo. Ukiitundika kwenye tukio, tukio lenyewe linakukumbusha. Kwa hiyo mtu na achague zoezi moja tu humo ndani, mengine ayasahau, na achague tukio linalomjia kweli. "Nikisimama nje ya chumba cha mtihani nasubiri mlango, kabla sijakabidhi simu, nitapumua na programu dakika tatu." "Nikisoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuingia, nitaandika mistari miwili kwenye shajara." "Nikizima taa na mawazo yakaanza kuzunguka, nitasikiliza lile somo fupi kabla sijajigeuza mara ya pili." Unaona tofauti? Hakuna neno kila siku. Hakuna saa. Wiki bila mtihani wala usiku mbaya hana deni lolote.

Sharti ni moja: hilo zoezi alifanye mara kadhaa akiwa mzima. Kupumua taratibu kunaonekana ni kitu cha kitoto mpaka siku kifua kimekaza na vidole vinatetemeka, hapo ndipo utajua kama mwili wako unaijua njia au la. Kuogelea hatujifunzi mashua ikiwa imeshapinduka. Na programu iwekwe ukurasa wa mbele wa simu, mahali kidole kinapopita kikienda kwingine. Nawajua watu walioificha ndani ya kabrasha la tatu ili mwenzao wa chumbani asiione. Sawa, lakini wajue kwamba wamejifichia na wao wenyewe.

Sasa kuna jambo umeliandika ukalipita kama vile halina uzito. Umesema ripoti ya ofisi ilikuwa na majina. Halafu mistari michache baadaye unamwambia mwenzako anayeogopa kusomwa kwamba aache woga.

Mwanangu, huyo ndiye mwenye akili kuliko wote kwenye kundi. Ofisi inajua kwa jina nani anafungua programu ya afya ya akili na nani hafungui. Pengine haisomi shajara, lakini mwanafunzi atajuaje inaishia wapi? Mwaka 2023 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliichukulia hatua BetterHelp, kampuni kubwa ya ushauri nasaha wa mtandaoni, kwa madai kwamba iliwaahidi watu faragha kisha ikapeleka taarifa zao kwa kampuni kama Facebook kwa ajili ya matangazo. Iliishia kukubali kulipa dola milioni 7.8. Kama kampuni kubwa inafikishwa hapo, mwanafunzi ana haki ya kuuliza kuhusu chuo chake.

Mwandikie mratibu, kwa maandishi, maswali haya: nani anaona nini, majina au jumla tu, kinachoandikwa kwenye shajara kinakaa kwenye simu au kinakwenda kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na mwanafunzi akifuta akaunti, yaliyomo yanafutika? Mwambie kuanzia wiki ijayo unataka ripoti isiyo na majina. Majibu yakija, yapeleke kwenye kundi kama yalivyo, hata kama ni mabaya. Na huyo uliyemwambia aache woga, mwombe radhi. Ukinisikiliza jambo moja tu katika barua hii baada ya lile la usiku, liwe hili. Hakuna ujumbe wa kuhamasisha unaoweza kumrudisha mtu mahali anapohisi anachunguliwa.

Tunafika kwako wewe kama mtu, si kama kipaza sauti. Tafiti za tiba za intaneti kwa ujumla zinaonyesha kwamba mtu akiwa na binadamu anayemfuatilia huwa anafika mbali zaidi kuliko akiachwa na skrini yake. Mwaka 2011 David Mohr na wenzake walijaribu kueleza ni kwa nini. Kwa ufupi wanasema kinachomvuta mtu ni kujua kwamba kuna mmoja atakayemuuliza, na huyo mmoja awe anamwamini, anajua ana nia njema naye, na walikubaliana tangu mwanzo ataulizwa nini. Neno kubwa hapo ni walikubaliana. Usipokubaliana na mtu, kumfuatilia kunageuka upolisi.

Kwa hiyo acha kundi la watu 38. Waandikie mara moja tu, uwaambie anayetaka kujaribu tena kwa njia nyingine akutafute pembeni. Watakuja watano, labda sita. Hao unaweza. Kaa na kila mmoja nusu saa, achague zoezi lake na tukio lake, mkubaliane siku moja ya wiki utakayomtumia ujumbe. Usimuulize "umefungua?" Muulize: "Wiki hii ilikusaidia wapi, na ilikukera wapi?" Na mkubaliane kabisa kwamba "sijafungua" ni jibu kamili, halihitaji maelezo wala samahani. Utashangaa wangapi watakuandikia "sijafungua" kisha wakaendelea na aya tatu kuhusu mambo mengine kabisa. Hizo aya tatu ndizo ulizokuwa unazitafuta kwa ujumbe wa mashujaa.

Wengine watakuambia wameacha kwa sababu wamepata walichokihitaji. Waamini. Lucy Yardley na wenzake mwaka 2016 waliandika kwamba tuache kupima ushiriki kwa wingi wake, tuupime kwa kama umetosha kufikia lengo. Mtu aliyejifunza kupumua nje ya chumba cha mtihani na sasa anapumua bila simu, kwenye ripoti yenu huyo ni mtoro. Kwangu mimi amehitimu. Woebot, roboti ya mazungumzo, ilijaribiwa kwa vijana 70 wa umri wa miaka 18 hadi 28 katika utafiti uliochapishwa 2017. Jaribio lilikuwa la wiki mbili. Waliozungumza nayo, kwa wastani kama mara 12, dalili zao za sonona zilipungua kuliko za wenzao waliopewa kitabu cha kusoma. Wiki mbili tu. Sisemi wiki mbili zinamtosha kila mtu, na wiki mbili hazisemi mtu atakuwaje baada ya mwaka. Nasema hakuna aliyeandika mahali kwamba lazima muhula mzima.

Na roboti hiyo hiyo ilifungwa Juni 30, 2025. Waliokuwa nayo wakaambiwa kwaheri. Wafundishe watu wako kunakili nje kile kilichowafaa: zoezi lao liandikwe kwenye karatasi ndani ya daftari, kwa maneno yao wenyewe. Programu ni mgeni kwenye simu.

Kama mratibu anang'ang'ania namba, mpe namba yenye maana. Kuna dodoso linaitwa PHQ-9, la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, nguvu, hamu ya kula, kujiona hufai na kadhalika. Jumla inaanzia 0 hadi 27. Halitoi hukumu kwamba wewe ni mgonjwa, lakini ukifika 10 au zaidi kwa kawaida inashauriwa uonane na mtaalamu. Kati ya wale watano au sita, anayetaka ajipime mwanzoni na kila baada ya wiki mbili, namba abaki nayo mwenyewe, aseme tu kama imepanda au imeshuka. Ila swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mwambie kila mmoja kabla hajaanza: ukijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa," jumla haina maana tena, nitafute saa hiyo hiyo. Na ukitafutwa, rudi juu kabisa kwenye barua hii.

Nimebakiza ungamo lako. Umeniandikia kwamba uliacha wiki ya tatu, hukuniandikia kwa nini. Kila mmoja wao ulimuuliza sababu ukazisikiliza, ya kwako umeiruka. Wiki ya tatu ulikuwa umebeba watu 38, masomo yako, na asubuhi za kuwa na furaha kwa niaba ya wengine. Sidhani ulikosa nidhamu. Nadhani ulikuwa umechoka na programu ikakupa kazi moja zaidi.

Waambie. Ule ujumbe mmoja utakaowaandikia uanze hivi, ukitaka nakukopesha: "Jamani, mimi niliacha wiki ya tatu. Ua langu limekufa zamani. Sitawatumia tena ujumbe wa asubuhi. Nimeuliza ofisi nani anaona taarifa zetu, majibu nitawaletea. Anayetaka tujaribu tena, zoezi moja tu na bila kuhesabu siku, anitafute." Usiweke mikono ya kusali wala misuli mwishoni.

Kisha kabla hujakaa na mtu yeyote kati yao, chagua wa kwako. Mmoja atakayekuandikia wewe mara moja kwa wiki kukuuliza ilikusaidia wapi na ilikukera wapi. Asiwe mratibu. Nijibu barua hii kwa herufi ya kwanza tu ya jina lake, nijue umempata.

Shangazi